Mkono wa Mbwana Reli

Kaka yangu Muhidini alikuwa mtu wa maana kwa mambo yote isipokuwa mieleka. Kwenye mieleka alikuwa kichaa, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Alizaliwa mwaka 1950 katika kambi ya mkonge nje kidogo ya Korogwe, baba yetu alipokuwa mkata mkonge. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi lilichorwa duara la chokaa uwanjani, na watu wakajaa kumtazama Mbwana Reli, Mzigua mwenzetu wa Handeni, akipambana na Shemboza wa Vugiri aliyejiita Chatu. Mimi nakumbuka vumbi tu, maana nilikuwa mdogo. Muhidini alikumbuka hata kaptura walizovaa.

Mwaka 1962 Chatu alimvunja Reli mkono, na mieleka ikafa siku ile. Muhidini, miaka kumi na miwili, alisusa kula siku mbili. Baba alipofariki tulirudi Handeni kwa wajomba, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikatuhamishia kijiji cha ujamaa upande wa Mazingara. Huko akachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Kwenye shamba la kijiji aliweka jembe chini na kuwaonyesha wanaume Reli alivyokuwa akimbeba mtu kiunoni, mpaka katibu apige filimbi.

"Siku hizi hakuna wanaume," alikuwa akisema. "Kuna watu wa kushikana mashati."

Mwaka 1976 akaletwa kijijini kijana mmoja kutufundisha kulima pamba kwa mistari. Jina lake Mdoe. Nilimpenda, wala sioni haya kulisema. Akaandika barua ya posa, na kwa kuwa baba hayupo, walii wangu alikuwa Muhidini. Aliisoma vizuri hadi kwenye jina la baba wa kijana. Shemboza, Vugiri.

"Mtoto wa Chatu? Ndani ya nyumba hii? Labda nife kwanza!"

Nililia, nikamtukana, nikamwambia Reli hajui hata kama yeye yupo duniani. Ilikuwa kazi bure. Bila walii hakuna ndoa, na walii wangu alikuwa bado yuko uwanjani Korogwe na miaka yake kumi na miwili.

Ijumaa moja baada ya sala mshenga akaja kuchukua jibu. Alikuwa mzee mwembamba, meno ya mbele hana, anasukuma baiskeli. Kwetu mshenga haulizwi yeye ni nani, kwa sababu amekuja kama mdomo wa waliomtuma. Muhidini, mtu wa adabu, hakumuuliza. Alimpa mkeka na chai, nami nikajibanza nyuma ya ukuta wa jikoni kusikiliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata jibu."

"Jibu ni hapana, na sababu uwapelekee." Hapo akaanza. Alisimama, akazunguka ua, akaonyesha mabega ya Reli, hila za Chatu, mchanga wa machoni. "Halafu akamvunja mkono, mzee! Mfupa ulilia, uwanja mzima ukasikia!"

"Ulisikika?"

"Niliusikia kwa masikio yangu!"

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Mzee akaweka kikombe chini. Akapandisha mkono wa kanzu, akaunyosha mkono wake wa kulia, akaukunja, akaunyosha tena.

"Huu hapa."

Kaka yangu akaushika, akaupapasa toka begani hadi kiganjani akitafuta palipovunjika.

"Mama yangu aliugua, nikaitwa nyumbani nikalime," alisema Mbwana Reli. "Bingwa haondoki hivihivi, watu wangesema nimekimbia. Shemboza akaja na kijiti kikavu kiunoni, akakivunja pale chini yetu. Wewe ulisikia kijiti."

"Na zile siku nyingine?"

"Tulipanga Jumamosi, tukapigana Jumapili, Jumatatu tukala sahani moja."

Muhidini alikaa chini, kwenye udongo, mkeka hakuuona. Nilimwonea huruma, maana sikuwahi kumwona mtu mzima akinyang'anywa kitu kikubwa hivyo. Kisha hasira zikampanda.

"Mmedanganya uwanja mzima, mmenidanganya mimi mtoto, na leo mnataka dada yangu?"

"Sikiliza, mwanangu. Miaka sita Shemboza alininyanyua juu ya kichwa chake akanitupa. Ardhi ile ilikuwa ngumu, wewe unaijua. Kila mara mkono wake ulifika chini kabla ya mgongo wangu. Hata kidole hakunitegua. Mdoe kalelewa na mtu huyo. Hilo ndilo nililokuja kusema, na hilo sikulipanga na mtu."

Nilipochungulia, kaka yangu alikuwa akiutazama ule mkono, machozi yanamtoka waziwazi.

"Hamisa!" akaita. "Toka huko, najua unasikiliza."

Nikatoka, kanga nimejifunika usoni.

"Huyu Mdoe. Wewe mwenyewe unamtaka?"

Wiki tatu tuligombana juu ya Chatu na Reli, tukapigizana kelele mpaka majirani wakachoka, na siku zote hizo hakuna aliyeniuliza. Hata barua haikuniuliza. Nikaishusha kanga usoni, nikawatazama wanaume wawili wanaosubiri.

"Namtaka, kaka," nikasema.