Mota ya Cherehani Ndani ya Ndoo ya Makaa

Juma lililopita nilikwenda mtaa wa Mchesi, mjini, kununua zipu, nikasikia nyundo ikigonga chuma nyuma ya duka la vitambaa. Nilijua ni kazi gani kabla sijaiona. Mwanamume mmoja alikuwa amekalia debe la rangi, anapasua mota ya feni. Nilisimama kumtazama, naye akavuta gunia lake karibu na mguu, akanikazia macho mpaka nikaondoka. Sikukasirika. Nyumbani kwetu tuliwatazama watu hivyo hivyo.

Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye nyumba ya matofali mabichi, mimi na bibi yangu, mama mzaa mama. Kule Bukavu, kabla ya kukimbia, alikuwa mwalimu. Kambini alivunja mota ili auze shaba ya ndani. Siku za kwenda mjini alizunguka mitaa ya Area 36 na Mtandire akibisha mlango kwa mlango, akiuliza feni zilizoungua, blenda zilizokufa, mashine za kufulia ambazo wenyewe wamezichoka. Kutoka barabarani gunia lilipanda kabaza, baiskeli ya kukodi, na bibi alitembea kando ya baiskeli ameshika kamba, maana mwenyewe hakumwamini mwendeshaji.

Hakumwamini mtu. Mnunuzi wa chuma chakavu mjini alikuwa na mzani wa kuning'iniza, na bibi hakumpa shaba kabla ya kutoa mkobani pakiti ya chumvi ambayo haijafunguliwa. "Pima kwanza hii," alimwambia. "Imeandikwa kilo moja. Tuone mzani yako inasema nini."

Kazi ilifanyika uani, baada ya shule, sufuria ya maharage ikitokota. Bibi hakuchoma waya kama wengine, moshi wake ulimkohoza. Alikata vichwa vya koili, zile waya zilizosokotwa ndani ya mota, kwa tindo, akazivuta kwa koleo, zikatoka na mlio kama kitambaa kinachochanwa. Mimi nilitoa karatasi zilizoganda kwenye nafasi za chuma, kisha nilikwaruza kila waya kwa kisu. Ikionekana nyekundu chini ya rangi, ni shaba. Ikionekana nyeupe, ni alumini, na bibi alisema watengenezaji nao ni waongo. Vidole vyangu vilinuka vanishi hata wakati wa kula nsima, ugali wa huku, na sijui kwa nini harufu hiyo naipenda mpaka leo.

Mtu mmoja tu aliingia uani kwetu bila kubisha: jirani, mama wa Kirundi aliyeshona nguo kwa cherehani ya umeme. Mota ya cherehani ile ilikuwa ndogo, nyeusi, na pembeni aliipaka tone la rangi nyekundu ya kucha ili aitambue. Tulichangia jiko moja la makaa. Mumewe aliendesha kabaza, mtu mpole, mwenye kucheka na watoto.

Asubuhi moja cherehani ilikutwa haina mota, mkanda unaning'inia. Jirani alikaa kwenye kizingiti na nguo ya harusi ya mtu imelala magotini, na mtaa mzima ukageuza macho kwenye mlango wetu. Nani mwingine alijua kuuza mota?

Nami niliwachukia kwa macho yale, mpaka jioni nilipotumbukiza mkono kwenye ndoo yetu ya makaa. Chini kabisa nilishika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Nilikifungua nikaona tone jekundu. Nikakirudisha, nikawasha jiko, na bibi alipoulizia makaa sikuweza kumtazama usoni. Siku mbili nilichunguza kila alichofanya. Alisali kama kawaida, alikula kama kawaida, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Siku ya tatu jirani alinikuta bombani.

"Mwanangu, mi sitakuchapa," alisema. "Uliona motere yangu?"

Nilitazama ndoo yangu ikifurika. "Iko mu ndoo yetu ya makaa," nikasema.

Alikuja na mwenyekiti wa mtaa na watu wengi. Walimwaga makaa uani, mota ikabingirika hadi miguuni pa bibi. Mtu akasema, "Mwizi njo huyu." Bibi aliwatazama mmoja mmoja, akafika kwa mume wa jirani, aliyesimama nyuma ameshika baiskeli yake. Yule bwana aliinama kukaza mnyororo ambao haukulegea.

"Motere yako njo hii," bibi alimwambia jirani. "Iko nzima. Chukua."

Mwenyekiti alimpiga bibi marufuku kuleta gunia mtaani, na jirani akaanza kuwasha moto wake mwenyewe upande wa pili. Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na mimi niliamini ninaishi na mwizi.

Miezi ikapita. Bibi akapata malaria, akalala wiki nzima bila kutoka nje. Wiki hiyo hiyo pasi ya jirani ikapotea. Safari hii hapakuwa na mlango wa kutazama, ila wake. Sijui jirani alimwambia nini mumewe, lakini kesho yake alikuja kwetu, akakaa chini karibu na kitanda.

"Aliniambia yote," alisema. "Motere alikuletea weye. Kwa nini ulinyamaza, mama?"

"Ningemkatalia, angeipeleka Mchesi, ingepasuliwa siku ile ile," bibi akajibu. "Nilikuwa natafuta namna ya kukurudishia bila kuvunja nyumba yako. Na mbele ya bantu bote, ningesema nini? Batoto bako bangelala wapi?"

Jirani alilia. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji, nikisikia.

Marufuku iliondolewa, jiko likarudi kuwa moja, na miaka iliyofuata jirani na watoto wake wakahamishiwa nchi ya mbali. Bibi amezikwa Dzaleka. Uani kwetu sasa wanaishi watu nisiowajua; nilipopita pale mwaka huu walinichungulia kupitia pazia.

Bibi hakuniuliza hata mara moja nani aliyesema. Lakini baada ya siku ile ya makaa hakunipa tena kisu nikwaruze waya mbele ya mgeni, na ufunguo wa sanduku lake la pesa, ambao ulikuwa ukining'inia kwenye msumari, aliuvaa shingoni mpaka alipokufa. Duniani kote alikuwa amebakiza mtu mmoja wa kutomshuku, mimi. Ningeweza kumuuliza yeye kwanza, pale pale jikoni, mota ikiwa mkononi mwangu.