Bunduki ya Babu na Kisu cha Krismasi

Kisu kile nilikijua tangu utotoni. Kirefu, chembamba, chenye pete ya chuma karibu na mpini ambayo hakuna aliyejisumbua kuuliza kazi yake. Kila Krismasi baba alikitumia kuchinjia mbuzi, na mama alikiosha akakirudisha stoo. Mwaka huu, baba akiwa ameshazikwa, nilipanda darini nyumbani kwetu Githongo kubadilisha mabati, nikakuta bunduki imefungwa ndani ya gunia la kahawa. Nilikumbuka ile pete, nikakileta kisu, nikakipachika kwenye mtutu. Kikaingia, kikashika.

Nilijivuna kama mjinga. Tangu zamani tuliambiwa kwamba babu mzaa baba alipigana Burma upande wa Waingereza, na mimi, mwalimu mzima, nikaona nimepata ushahidi. Bunduki yenyewe ilikuwa lazima niipeleke polisi, maana kukaa nayo ni kujitafutia jela. Lakini kwanza niliipiga picha kila upande, nikazipeleka Kaaga kwa mwanajeshi mstaafu ninayesali naye.

Alivaa miwani, akazikuza picha kwa vidole.

"Hii ni ya Mwingereza, na hiyo singe, hicho kisu cha mtutuni, ni yake," alisema. "Lakini, mwalimu, askari wa Burma hawakurudi nyumbani na bunduki. Zilirudishwa zote. Na hii alama kwa kitako si ya jeshi. Ni ya kambi ya homgadi, wale walipewa silaha na Mwingereza wapigane na watu wa msituni, wale wa kupigania uhuru. Ona, jina la kambi limegongwa hapa kwa kifupi."

Nilizisoma herufi mara mbili. Kambi hiyo ilikuwa ng'ambo ya mto wetu. Baba yake mama alikuwa homgadi wa hapo. Aliuawa akiwa zamu, mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na bunduki yake haikuonekana tena.

"Inaweza kuonyesha ni nani aliibeba?"

"Chuma haiwezi kusema hiyo. Pengine huyo babu yako wa Burma alikuwa homgadi hapo. Pengine alimnyang'anya mtu."

Nilimkasirikia bure, mzee wa watu. Wa kumkasirikia alikuwa baba, ambaye alilala chini ya dari ile maisha yake yote akanyamaza, na sasa hakuna wa kumuuliza. Kama aliwahi kujua, ameenda na siri hiyo kaburini. Sikujua nimtafute nani, wala nikimpata nimwombe nini. Sijawahi kujiona mnyonge namna ile.

Nilimkuta mama jikoni akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Umeambiwa ni bunduki gani?"

"Ni ya Waingereza tu, mama. Ya zamani."

"Hilo nalijua," alisema, akachukua kiazi kingine. "Nakuuliza ni ya kambi gani."