Harusi Iliyopanda Kilimani

Mwanangu, kaa hapa nikusimulie siku ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi watu wananishangaa. Ni siku ya harusi yangu, miaka ya sabini, nikiwa kijana mwenye nguvu nyingi na akili kidogo. Nilikaa kijiji kimoja cha Mpimbwe, si mbali na Kasansa, kando ya chemchemi ya maji moto ambamo kina mama walichemshia mihogo na mayai bila kuwasha ukuni hata mmoja.

Chemchemi hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Alikuja mtaalamu wa miamba na lori lake, akapimapima, akatuambia kwamba chini ya bonde letu kuna joto lenye undugu na lile la milima ya volkano ya upande wa Mbeya. Maji yakizidi kuchemka ghafla, alisema, huenda ardhi inataka kupasuka na kurusha mvuke na matope. Akanichagua mimi kwa kuwa nilijua kusoma. Akaniachia daftari na kipimajoto chenye mstari mwekundu. Kila asubuhi nipime, niandike. Zebaki ikipita mstari siku mbili mfululizo, nimwambie mwenyekiti wa kijiji watu wapande kilimani, halafu nikimbie misheni kwa baiskeli ili habari ipelekwe Mpanda kwa redio ya upepo. Basi nikajiona bwana mkubwa! Nilitembea na kipimajoto kile hata nikienda kunywa togwa.

Mwaka mzima zebaki haikukaribia mstari. Ikaupita siku ya Alhamisi. Ijumaa ikaupita tena. Na Jumamosi, mwanangu, ndiyo nilikuwa namwoa Skolastika.

Pombe ilishaiva, wageni walishafika kutoka Sitalike na wengine Majengo kule Mpanda mjini, na mabanda ya sherehe yalijengwa palepale kando ya chemchemi ili wapishi wasisumbuke. Nikasimama na daftari langu, nikajiambia kipimajoto kimechakaa. Uongo mtupu, kilikuwa kizima kabisa. Nikaandika namba za wiki iliyopita, nikaenda kunyolewa. Hata leo naona aibu kukuambia.

Jumamosi tukatoka kanisani kwa ngoma na vigelegele. Kabla sijakaa kwenye banda akanijia Bibi Filomena, bibi yake Skolastika, ambaye kwa utani aliniita mume wake. Yeye ndiye aliyechemsha mayai ya harusi. Alikuwa akitumbukiza kikapu chemchemini, anaimba wimbo wake wa kanisani mara tatu, beti zote, na akimaliza mayai yameiva. Mkononi alishika yai lililomenywa.

"Mume wangu, nimeimba mara mbili tu," akasema. "Onja."

Nikaonja. Kiini kilikuwa kikavu kama unga.

"Bibi, labda leo umeimba polepole."

"Tangu usichana wangu naimba vilevile, nibadilike leo kwa sababu ya sura yako? Hebu sema, kipimo chako kinasemaje?"

Nikatazama viatu vyangu, ambavyo hata hivyo vilikuwa vya kuazima. Bibi hakupandisha sauti. "Watoto wote wa kijiji wamekaa kwenye mikeka pale," akasema. "Wewe ndiye tuliyekuweka ututazamie. Ukinyamaza, sisi tunajua kuna usalama. Umetufunga macho, mume wangu."

Maneno yale yalinichoma. Nikamweleza yote, Skolastika akisikia. Naye akanitazama, akasema, "Kama hili umeshindwa kuniambia, mengine utaniambia?" Akakataa kukaa kando yangu mpaka nilipoleta daftari, nikafuta namba za uongo mbele yake na kuandika za kweli. Kisha nikapanda juu ya benchi, nikawatangazia watu wote. Nilijua ndoa yangu imeishia hapo.

Mwenyekiti akapiga filimbi. "Nyie watoto, tangulieni! Wazee wafuate!" Jirani yetu mmoja, mfugaji wa Kisukuma, akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakapakia vyungu vya wali na mitungi ya pombe, na Bibi Filomena akaketi juu kabisa akiwa amepakata mayai yake. Mimi nikakanyaga baiskeli hadi misheni nikiwa na suti ya harusi. Niliporudi jua linaelekea kuzama, nimejaa vumbi hadi kope, nilikuta harusi yangu inachezwa kilimani bila mimi! Vigelegele vikapigwa upya. Nikamtafuta Skolastika kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, na kando yake ameniachia nafasi. Sikuwahi kufurahi vile maishani mwangu.

Tulikaa kule siku kadhaa, tukila na kucheza. Mtaalamu akaja, tukapima pamoja, zebaki ikashuka taratibu mpaka chini ya mstari. Ardhi haikupasuka. Tukarudi nyumbani tukiimba, na wageni wakasema hawajaona harusi ndefu kama ile. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu kwa kumpandisha mlima.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipewa kazi ya kuwatazamia wenzako, ukaona dalili mbaya, iseme siku hiyohiyo, hata kama sherehe itakayovurugika ni yako mwenyewe. Usiogope kuchekwa jambo lisipotokea. Lisipotokea, cheka nao na umshukuru Mungu. Watu wale walinisamehe kuwakimbiza bure. Lakini kama ningeendelea kunyamaza, na ardhi ikapasuka, nani angebaki wa kunisamehe?

Nenda, kitukuu wa Filomena. Mungu akupe macho makini na ulimi usiochelewa, akujalie mwenzi atakayekudai ukweli na bado akuachie nafasi kwenye mkeka wake.