Nukta ya Mwalimu wa Jiografia

Mwalimu wa jiografia wa shule moja ya mji wa baridi wa Oulu huandika kwa kidole kimoja, na kila akimaliza jibu hugonga nukta kwa nguvu kama anayeua mbu. Darasani huvaa soksi za sufu, hukohoa kabla ya kusema lolote, na tangu shule ihamie kwenye jukwaa la masomo la kwenye kompyuta, la programu huria, linalosahihisha mitihani lenyewe, huliamini kuliko anavyowaamini wanafunzi. Jukwaa lilipowapa wanafunzi wote alama nne, yaani kufeli, alikohoa akasema, "Hamkusoma."

Veera, aliyehitaji alama nzuri ili apate nafasi ya sekondari ya juu, alisimama. "Ziwa kubwa kuliko yote nchini ni Saimaa. Nimeandika Saimaa, nimewekewa kosa!"

"Mashine haina chuki na mtu, binti."

"Basi ufanye mtihani wewe, tukuone."

Akaufanya. Herufi zikajitokeza ukutani, kupitia projekta, moja moja: Saimaa, kisha ta! nukta. Sahihi. Swali la pili, ta! Sahihi.

"Mwalimu, ni hiyo nukta!" Veera alipiga kelele. "Ulipoingiza majibu sahihi kwenye jukwaa, uliyaingiza na nukta zako, sisi hatukuziweka!"

Mwalimu alikitazama kidole chake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Kisha akamkalisha Veera kwenye kiti chake azifute nukta zote, naye akajibana kwenye dawati la binti huyo, magoti yakigonga mbao. Baadaye akanyoosha mkono.

"Naomba ruhusa nikanywe kahawa."

"Mpaka kengele ilie," alisema Veera bila kuinua macho.

Mwalimu akashusha mkono, akangoja.