Mwinjuma Anaacha Selo

Kabla hajamwoa Mwamvita, Mwinjuma alikuwa tayari anapiga selo, fidla kubwa ile inayoshikwa katikati ya magoti, katika kikundi kimoja cha taarabu cha Temeke. Kila palipokuwa na harusi ya maana, yumo. Kisha serikali ikafungua milango ya biashara, vitu vikaanza kumiminika kutoka Dubai, na mwenye kikundi akanunua kinanda cha umeme. Kinanda kile kilitoa sauti ya fidla, ya selo, hata ya ngoma, na mtu mmoja alitosha kukipiga. Wapiga nyuzi wakaambiwa wapumzike kwanza. Mwaka ukapita, hakuna aliyeitwa.

Mwamvita aliuza maandazi huku akimwona mumewe anakauka. Selo yake ikaegemezwa ukutani chumbani, naye alishinda barazani, haongei, akisalimiwa anaitikia nusu. Ndipo jirani yao Benedicta, mwanakwaya, alipoleta habari: wazungu wanne wa fidla wangepiga katika ukumbi wa kanisa lao, Kinondoni, Jumamosi mchana, bila kiingilio.

“Na selo ipo?” Mwamvita akauliza.

“Ipo, dada. Nimewaona wakiishusha.”

Haikuwa rahisi kumshawishi mwenyewe. “Mie nikafanye nini kanisani?”

“Ni ukumbi, baba Suhaib, hatuendi kusali. Twende ukawasikie wenzako.”

Neno hilo, wenzako, ndilo lililomnyanyua. Akanyoa ndevu, akavaa kanzu ya Idi.

Watu hawakujaza hata safu tatu. Mchungaji akaeleza kwamba muziki ule ulitungwa zaidi ya miaka mia iliyopita na bwana mmoja aliyekufa kabla haujapigwa mbele ya watu, na hata huko kwao Ulaya wanaomjua ni wachache. Mwamvita akafurahi kimoyomoyo. Akamnong’oneza mumewe, “Umesikia? Hata yeye walimweka kando.” Mwinjuma akaitikia kwa kichwa, karibu atabasamu.

Mwanzoni vidole vyake vya kushoto vilicheza juu ya goti, vikimfuata mama aliyepiga selo. Ikaja sehemu ya taratibu. Wengine wakanyamaza, wakamwachia yule mama wa selo peke yake. Sauti ikapanda kutoka chini kabisa, nzito, haina mkwaruzo, ikakaa hewani mpaka Mwamvita akasahau kupumua. Alipogeuka, vidole vya mumewe vilikuwa vimetulia. Mwinjuma alikuwa analia, wala hajifichi.

Mwamvita akadhani ndiyo nafuu imekuja. Njia nzima alingoja aseme kitu. Walipofika nyumbani uvumilivu ukamwishia. “Kesho utaikazia nyuzi selo yako?”

Mwinjuma akaketi. “Mama Suhaib, nilikuwa najidanganya kwamba wamenionea. Miaka yote ile nilikuwa nakwaruza tu. Kumbe chombo kile kinaongea.”

“Watu walikuwa wanalia ukipiga.”

“Walikuwa hawajasikia.”

Mwamvita akaenda kukanda unga wa maandazi; naye sasa alikuwa amesikia.

Mwinjuma hakuigusa tena selo yake. Masika bati likavuja, gundi ikaachia, ubao wa mbele ukafunguka. Mwamvita akaitoa uani, na Mwinjuma hakuuliza ilikokwenda. Alipata kazi ya kulinda ghala la mitumba Tandika, na huko nako hasemi na mtu. Benedicta akianza habari za muziki mwingine kanisani, Mwamvita humkatiza katikati, akamuuliza kama watoto hawajambo.