Leo nimekuwa mgeni wa mama yangu

Mama kanisengenya leo, na aliyekuwa akimsikiliza ni mimi mwenyewe.

Tangu asubuhi amegoma kula. Maradhi ya kusahau yamemfikisha pahala hanijui tena. Anasema mimi ni mtu wa chama kile kingine, nimemtilia sumu kwenye muhogo.

(Majirani hapa Jadida hawakushangaa. Siku hizi hata wenye akili zao hawali pamoja kwa sababu ya vyama.)

Nikabishana naye. Sahani ikaruka, muhogo ukutani.

Ndipo nikakumbuka maneno ya dresa wa dispensari: "Usishindane naye, Bi Asha. Toka nje, halafu rudi upya."

Nikatoka. Nikajitanda kanga nyingine, nikarudi mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu! Karibu ndani!"

Mwanangu! Miye!

Akaniketisha mkekani, akanipakulia muhogo ule ule uliobaki chunguni. Na mgeni haachwi kula peke yake, kwa hiyo naye akala. Akamaliza.

Huku tunakula, ananishitakia: humu ndani mna mwanamke mkali, hana adabu, hamheshimu mtu mzima.

"Pole, bi mkubwa," nikamwambia.

Mwisho akaniuliza kama nina mama.

Nikamjibu ninaye.

"Basi nenda kwake sasa hivi. Usimwache na watu kama yule."

Haya, nyinyi mngejibuje?

Mimi nimetoka. Nimesimama nje, nangoja kidogo ndipo nipige hodi tena.