Kamba ya Mlingoti Wangu Iko Matangani

Leo mlingoti wa boti yangu umetaka kuniua, na sijui hata nimgombeze nani.

Sikieni.

Mlingoti unashikiliwa na kamba mbili, moja kila upande. Asubuhi hapa Kendu Bay nikaona umeinama, nikalegeza ya kushoto kidogo niunyooshe. Ya kulia si inaubeba?

Ya kulia ikakatika.

Nikaruka majini na nguo zote. Mlingoti ukaanguka palepale nilipokuwa nimesimama!

Kuangalia, kumbe si kamba yangu. Yangu ni nailoni ya bluu. Hii ni katani kuukuu ya kufungia ng'ombe.

Nikampigia shemeji yangu Odhiambo, maana boti tunatumia pamoja.

"Shem, si nilikuwekea ingine? Yako iko matangani kwa Mama Akinyi, inashikilia tenti."

Yawa!

Nikaenda huko nikiwa nimelowa, maneno yote nimeshayapanga. Nikaiona kamba yangu. Chini ya ile tenti kwaya inaimba, wamama wanalia.

Wewe ungefungua?

Mama Akinyi, mjane mwenyewe, akanishika mkono.

"Mwanangu, kamba ya shemeji yako imetusaidia sana. Lakini tenti inayumba. Wewe ni mtu wa boti, hebu tukazie."

Kamba ya nani?!

Nimekaza. Tena nimekaza vizuri, kwa sababu chini yake kuna watu.

Mazishi ni Ijumaa. Sasa niambieni: nimgombeze Odhiambo leo, ama ningoje kwanza tuzike?